Binti wa kaka yangu ni Myahudi, na tangu ahamie Nairobi amepoa: nimsaidieje?

Swali: Mimi ni Mkristo, naishi Umoja, Nairobi. Kaka yangu alivuka mpaka kutoka kwetu Bungoma akaoa Mbale, katika jamii ya Wayahudi wa Uganda wanaoitwa Abayudaya, naye akaingia dini ya mkewe. Binti yao wa miaka 22 anakaa kwangu, anasuka nywele saluni. Kwao hakukosa sinagogi hata Sabato moja. Hapa ana miezi tisa na hajakanyaga sinagogi. Jumamosi anashinda kazini, jioni anarudi amenuna. Baba yake ananipigia simu kila wiki kulalamika kwamba nimemwachia mtoto akapotea. Mimi hata sijui Wayahudi wa Nairobi wako wapi. Nifanyeje bila kumlazimisha? – Shangazi, Umoja.

Jibu: Dada yangu, pole kwa simu za kaka yako. Na ahsante kwa moyo huo. Wangapi wangeona hii ndiyo nafasi ya kumvuta binti kanisani kwao? Wewe unataka ashike lake. Nitakujibu kirefu, kwa sababu mimi pia ni Myahudi niliyezaliwa chini ya Mlima Elgon, na kwa miaka kumi na minne nimefundisha Kiebrania na desturi zetu kwa vijana waliokuja Nairobi kutafuta maisha. Habari ya binti yako nimeiona kwa wengi.

Kwanza, usimwulize kwa nini haendi sinagogi. Swali hilo anajiuliza mwenyewe kila Jumamosi akiwa amesimama na kitana mkononi, na ndilo linalomrudisha nyumbani amenuna. Mwulize Ijumaa kwao ilikuwaje. Nani alikuwa akiwasha mishumaa, waliimba nini, yeye alikaa karibu na nani. Kisha nyamaza umsikilize.

Ukimsikiliza utaelewa alichopoteza. Kilima cha Nabugoye, nje kidogo ya mji wa Mbale, kina sinagogi, shule na nyumba za watu pamoja. Mtu anapanda kwa miguu. Zaburi zinaimbwa kwa Kiluganda na kwa Kiebrania. Msichana asipoonekana Sabato asubuhi, kabla ya chakula cha mchana mama yake ameshaulizwa na watu watatu kama ni mgonjwa. Hapa Nairobi amekosa miezi tisa na hakuna aliyeuliza, isipokuwa baba yake kwa simu, na yeye anauliza kwa ukali. Binti hajaiacha imani. Ametoka mahali ambapo kukosekana kwake kulionekana, akaja mahali ambapo hakuonekani. Kazi yako wewe na mimi ni kumpatia tena watu watakaoona kwamba hayupo.

Lakini kabla ya watu kuna riziki, na hapa ndipo wazee wengi wa dini hupita haraka. Saluni hupata pesa yake Ijumaa jioni na Jumamosi. Kama analipwa kamisheni kwa kichwa, Sabato moja ni pengo kwake na kwa mwenye saluni pia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 32, inasema mtu asinyimwe kazi kwa sababu ya imani yake wala asilazimishwe kutenda kinyume cha imani hiyo. Ni vizuri ajue. Lakini msusi asiye na mkataba wa maandishi akianza na Katiba, mazungumzo yataishia mlangoni. Aanze na biashara.

Wasusi wenzake karibu wote ni Wakristo, na Jumapili wanataka kwenda kanisani. Hiyo ndiyo bidhaa yake. Aseme: nipe Jumapili nzima, nitafungua mimi, nitafunga mimi. Pili, Sabato inaisha Jumamosi jua likishazama na nyota tatu zikionekana. Kwa Nairobi, karibu saa moja na robo usiku yuko huru kushika kitana, na saluni nyingi za mitaani saa hiyo bado zimejaa wanaojiandaa kwa kanisa la kesho. Tatu, Ijumaa asipokee kichwa cha rasta ndogo baada ya saa nne asubuhi, maana rasta huweza kula saa sita au saba na jua litamkuta kichwa kikiwa nusu. Mchana apokee kazi fupi, kama mistari ya kawaida au kuosha na kukausha, na saa kumi awe anaweka vifaa vyake.

Na neno la kutumia ni moja tu: "Mimi hushika Sabato." Mwajiri wa Nairobi hahitaji kuelezwa zaidi. Waadventista wameshamfundisha. Habari ya Uyahudi aieleze baadaye kwa wakati wake, akitaka.

Nina mwanafunzi aliyefanya mapatano ya namna hii katika duka la simu. Mwezi wa kwanza kipato kilipungua na alilia. Mwezi wa tatu Jumapili zilikuwa zimerudisha karibu chote. Nakwambia hivyo ili mwezi wa kwanza usikushtue, na kama unaweza kumpunguzia mchango wa nyumba kwa wiki nne hizo, huo ni msaada mkubwa kuliko mahubiri yoyote.

Sasa, Wayahudi wa Nairobi wako wapi? Sinagogi liko katikati ya mji, pale Uhuru Highway inapokutana na University Way. Umelipita mara nyingi kwa matatu. Jiwe la msingi la jengo la kwanza liliwekwa mwaka 1912, na jengo la sasa ni la mwaka 1955. Mwaka huohuo Myahudi wa hapa, Israel Somen, alianza kuwa meya wa Nairobi. Na wewe wa Bungoma utapenda kujua hili: mwaka 1903 Waingereza walitaka kuwapa Wayahudi waliokuwa wakiteswa Urusi nchi ya Uasin Gishu, majirani zenu kabisa. Vitabu huuita mpango wa Uganda, ingawa ardhi yenyewe leo iko Kenya. Mkutano wa Wazayoni, yaani Wayahudi waliokuwa wakitafuta nchi yao wenyewe, uliukataa mwaka 1905, lakini familia chache zilikuja hata hivyo. Mweleze binti haya mkipita pale barabarani. Mtu anayedhani yeye ndiye Myahudi wa kwanza kuonekana Kenya hutembea kwa woga.

Asiende pale ghafla. Masinagogi mengi duniani yana ulinzi mkali, na asiyejulikana hawezi kuingia tu kama anavyoingia kanisani. Aandike barua pepe kwa ofisi siku kadhaa kabla, ajitambulishe kwa jina, kwao, na anakofanyia kazi, aambatanishe picha ya kitambulisho au pasipoti, na aombe kuja ibada fulani. Kama kiongozi wa Nabugoye anaweza kumwandikia mistari miwili ya utambulisho, bora zaidi. Nimeona vijana wakigeuzwa kwenye milango ya ibada katika miji mbalimbali kwa sababu tu hawakuandika mapema, na mtu aliyegeuzwa mlangoni mara moja huchukua miaka kurudi. Mlinzi aliulizia kitambulisho, kijana akasikia akiulizwa kama yeye ni Myahudi kweli.

Hapo kuna jambo nyeti ambalo lazima alijue kabla, na wewe pia. Wayahudi wana mikondo. Abayudaya walio wengi wanafuata mkondo wa Kati, unaoitwa Konsavativu au Masorti. Marabi wa mkondo huo ndio waliokuja mwaka 2002 wakawapokea rasmi katika Uyahudi mamia ya Abayudaya, na rabi wao Gershom Sizomu alisomea Los Angeles akawekwa wakfu mwaka 2008. Kwao wanawake wanaketi na wanaume na wanasoma Torati mbele ya watu. Sinagogi la Nairobi linafuata mila ya Orthodoksi, mkondo unaoshika desturi za kale kwa ukali. Wanaume huketi kwao, wanawake kwao, wanaume ndio wanaoongoza ibada, na suala la nani ni Myahudi kisheria hupimwa kwa mizani ya Orthodoksi, ambayo si lazima iutambue upokezi uliofanywa na mkondo mwingine.

Simlaumu mtu hapa. Kila nyumba ina desturi yake. Lakini binti aliyezoea kusimama mbele na kusoma, akakaribishwa upande wa wanawake na hakuna aliyemweleza mapema, ataumia, na atakuja nyumbani akwambie "nilikuwa na kazi" badala ya kusema ameumia. Mwambie mapema: unakwenda kama mgeni wa ndugu zako, kaa, imba unayoyajua, usibishane na mtu juu ya cheti cha kupokewa Uyahudi. Ukipenda utarudi, usipopenda hujapungukiwa Uyahudi wako. Jamii ya Chabad nayo ina nyumba yake Nairobi, na meza yao ya Ijumaa inajulikana kwa wasafiri. Nao ni Orthodoksi, kwa hiyo maelezo ni yaleyale.

Kuna umbali pia. Anayeshika Sabato kwa ukamilifu hapandi gari toka Ijumaa jua linapozama hadi Jumamosi usiku. Kutoka Umoja hadi University Way kwa miguu si safari ya kumwambia msichana aifanye gizani. Waliofanikiwa ama hulala Ijumaa kwa mwenzao anayeishi karibu na mji, ama huanza na sikukuu ambazo kupanda gari kunaruhusiwa, kama Hanuka na Purimu. Mimi humshauri mgeni aanze hivyo. Purimu hasa, maana ni siku ya kula, kucheka na kupelekeana vyakula, na hakuna anayekupima.

Onyo fupi. Utaona Nairobi makanisa mengi yenye nyota ya Daudi, pembe ya kondoo na majina ya Kiebrania. Hayo ni ya Wakristo, wengine hujiita Wayahudi wa Kimasihi. Ni watu wazuri na imani yao ni yao, ila usimpeleke huko ukidhani umempeleka kwao. Kuna jamii ndogo ya wakulima huko Kasuku, upande wa Ol Kalou, waliotoka katika makanisa ya aina hiyo wakaingia Uyahudi kamili, na watakwambia wenyewe kwamba ni njia mbili.

Nirudi kwenye lile la kuonekana, maana ndilo lililo moyoni mwangu. Wazee wa dini yoyote huhesabu vijana waliohudhuria. Kisha hushangaa mbona wanapungua, wakaongeza semina. Kijana haji kwa sababu ameitwa. Anakuja kwa sababu kuna kitu hakitafanyika asipokuja.

Binti yako anatoka katika jamii ambayo historia yake yenyewe inaonyesha hilo. Idi Amin alipiga marufuku dini yao, masinagogi yakafungwa, watu wakasali kwa siri. Alipoangushwa tarehe 11 Aprili 1979, jioni hiyohiyo ilikuwa inaingia Pasaka yetu, sikukuu ya kutoka utumwani, na bibi zetu hawakuiona kama bahati tu. Lakini waliobaki katika dini walikuwa mamia machache, wengine walishakwenda zao. Wazee walikuwa wamechoka. Ni vijana, katika miaka ya 1980, wakiwemo Joab Jonadab Keki na nduguye Gershom Sizomu, huyo ambaye baadaye alikuja kuwa rabi, waliohamia kilimani Nabugoye wakaishi pamoja kwa mfano wa kibutsi, kijiji cha ushirika cha huko Israeli, wakalima, wakailinda ardhi ya sinagogi isichukuliwe, wakatunga nyimbo kwa gitaa. Zaburi za Kiluganda anazoziimba binti yako zilikua katika mikono hiyo. Hakuna aliyewaita kwenye semina. Kilima kingepotea wasingekuwepo.

Shida hii si ya Afrika pekee. Utafiti wa taasisi ya Pew wa mwaka 2020 ulikuta kwamba asilimia 27 ya Wayahudi watu wazima wa Marekani husema hawana dini, lakini kwa walio chini ya miaka 30 ni asilimia 40. Na dawa iliyosaidia huko imefanana na ya Nabugoye. Mwaka 2006 huko Oakland, California, ulianza mpango wa Moishe House: vijana wachache wanapanga nyumba pamoja, wanasaidiwa kodi, nao wanawajibika kualika wenzao wa rika lao kwa chakula na sikukuu. Hakuna mzee anayesimamia meza. Mpango huo umesambaa nchi nyingi, kwa sababu kijana mwenye nyumba hawezi kukosa karamu ya nyumbani kwake.

Mimi nililijifunza jambo hili kwa kijana mmoja aliyekuwa akija mezani kwangu Ijumaa. Wiki tatu alikula, akashukuru, akaondoka kimya. Wiki ya nne sikumwona, nikajua namkosa. Nikampigia simu Alhamisi nikamwambia: kesho wewe ndiye unayeleta chala, mimi sioki. Chala ni ule mkate wetu wa Sabato unaosukwa. Alikuja na kitu cheusi chini na kibichi katikati, amekioka katika sufuria juu ya jiko la makaa. Tulikila. Hajakosa tangu siku hiyo, na chala yake sasa ni nzuri kuliko yangu.

Umeona ninakoelekea. Wewe una msusi ndani ya nyumba. Chala husukwa kwa nyuzi tatu, au nne, au sita. Binti yako ataukamata unga huo na vidole vitajua la kufanya kabla ya kichwa chake. Ijumaa moja mwambie: "Mwanangu, nataka unifundishe mkate wenu." Kilo moja ya unga wa ngano, hamira kijiko kikubwa, sukari kiasi cha kikombe cha chai, mayai mawili au matatu, mafuta kidogo, chumvi na maji ya uvuguvugu. Akande Alhamisi usiku, aache kwenye beseni lililofunikwa kwa kitambaa mahali penye ubaridi, Ijumaa asubuhi asuke mikate miwili. Iwe miwili, ndiyo desturi. Apake yai juu. Kama huna oveni, sufuria nzito yenye makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko hutosha, kama unavyooka keki ya kienyeji.

Kisha mpe meza yako. Mishumaa miwili iwashwe kama dakika 18 kabla ya jua kuzama. Sisi wa karibu na ikweta tumerahisishiwa, jua halibadilishi saa zake kwa zaidi ya nusu saa hivi mwaka mzima, kwa hiyo ukiwa tayari saa kumi na mbili kamili huwezi kuchelewa. Hata saa zetu za Kiswahili zinafuata jua namna hiyo, na watu wa Pwani wa zamani waliianza siku machweo kama sisi. Awashe yeye. Aseme baraka yake. Wewe na watoto wako mkae tu, mseme "amina". Imani yako haitapungua.

Chakula usihangaike. Nyama ya bucha si kosheri, yaani haifuati sheria yetu ya chakula, hata kama ni halali kwa Waislamu, kwa hiyo Ijumaa pika samaki, maharage, githeri, ugali na sukuma wiki. Samaki awe mwenye mapezi na magamba: ngege sawa, sangara sawa, kambale hapana kwa sababu hana magamba. Pikia mafuta ya mimea. Mtengee sufuria yake moja na kisu chake, utamwona uso unavyobadilika. Pika kabla ya mishumaa, maana baada ya hapo yeye hawashi moto wala hazimi. Na simu yake ikizimwa hadi Jumamosi usiku, usimtume M-Pesa.

Meza hiyo ikishakuwa ya kawaida kwa mwezi mmoja, mwulize nani mwingine yuko Nairobi. Wapo. Wanafunzi, walinzi, wasichana wa kazi za nyumbani, vijana wa Mbale na Namutumba ambao kila mmoja anadhani yuko peke yake. Anaweza kuwapata kwa kuuliza wenzake wa shule kupitia WhatsApp, na vijana wa Abayudaya walioko Kampala wana chama chao, Marom Uganda, ambacho kinajua nani amehamia wapi. Wakiwa watatu wanne mezani kwako, au kwa zamu nyumbani kwao, jamii ya hapa imeshaanza. Kwenda sinagogi pamoja wakiwa wanne ni rahisi mara nne kuliko kwenda peke yake, na hata mlango unafunguka kwa namna nyingine.

Pasaka ikikaribia, na huwa Machi au Aprili, mpe nauli ya basi arudi Mbale wiki hiyo. Aanze kuiombea ruhusa saluni mwezi mmoja kabla. Kijana anayerudi kwao mara moja kwa mwaka na kukalishwa tena mahali pake hukaa na nguvu miezi mingi.

Na huenda ukafanya haya yote akakwambia hataki. Ana miaka 22. Anaweza kuwa amechoka tu, au anajiuliza maswali ya kweli juu ya Mungu ambayo hakuthubutu kuyauliza kilimani. Endelea na samaki wa Ijumaa hata hivyo, bila kuhesabu. Usimripoti kwa baba yake. Usimwambie kaka yako alikwenda wapi, wala kama aliwasha mishumaa wiki hii. Wiki hii akipiga, mwambie umemsikia, kisha mpe binti simu, wewe toka nje ukaanue nguo.